Logibuku Yako Itasomwa na Mtu Asiyekujua

Mwongoza ndege aliye mnarani Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, anapokuruhusu kuruka, muda wako unaandikwa. Unapotua, unaandikwa tena. Mwajiri wa mwongoza ndege huyo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na TCAA hiyohiyo ndiyo utakayoiendea siku moja, logibuku ya saa zako za kuruka mkononi, ukiomba leseni. Wanafunzi wengi wa urubani hulisahau hili. Huijaza logibuku kama daftari la binafsi, leo kwa haraka, kesho kwa kukisia, wakati karibu kila mstari wake una pacha mahali pengine: mnarani, kwenye daftari la ufundi la ndege, kwenye ankara ya ada ya kutua, kwenye risiti ya mafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio unaobeba mengine yote, ni huu: usiandike mstari wowote ambao huwezi kuonyesha pacha wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za kuruka ni mali hasa. Wapo wazazi Monduli waliouza ng'ombe, na wengine Tengeru waliotoa sehemu ya shamba la kahawa, ili mtoto apate saa hizo. Ni aibu zikataliwe dirishani kwa sababu ya kalamu.

Tuanze na saa yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokosea bila nia mbaya. Kanuni za leseni katika nchi zetu zimejengwa juu ya Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, na humo muda wa kuruka wa ndege ya mabawa umeelezwa waziwazi: unaanza pale ndege inaposogea kwa mara ya kwanza kwa nia ya kuruka, na unaisha inaposimama kabisa mwisho wa safari. Hauanzi injini inapowaka, wala magurudumu yanapoacha lami. Helikopta ina hesabu yake: kuanzia mapanga yanapoanza kuzunguka hadi chombo kinaposimama na mapanga kutulia.

Chukua asubuhi ya kawaida Kisongo. Umewasha injini ya Cessna 172 saa 05:02, kwa saa za Zulu, yaani saa za ulimwengu. Ukaiacha ipate joto, ukasoma orodha ya ukaguzi, ukaomba ruhusa. Saa 05:10 ndege ikasogea. Ukafika karibu na njia ya kurukia ukaambiwa usubiri, kwa sababu ni wakati ule ambapo Cessna Caravan za watalii zinafuatana kwenda Serengeti na Manyara, na wewe na zoezi lako la kugeuka huna haraka kuliko watu wenye wageni. Saa 05:24 ukaruka. Ukatua 06:15, ukasimama kwenye maegesho 06:21, ukazima injini 06:24.

Sasa una saa tatu tofauti za safari moja. Mita ya Hobbs, ile inayohesabu injini ikiwa inafanya kazi, itasema saa 1 na dakika 22, na ankara ya shule huenda ikatumia hiyo. Daftari la ufundi la ndege litaandika dakika 51, muda wa angani tu, kwa sababu mafundi wanahesabu uchovu wa chombo. Logibuku yako inataka muda wa tatu, kuanzia 05:10 hadi 06:21: saa 1 na dakika 11. Kule kusubiri Caravan zipite kumo ndani ya hesabu, ni haki yako. Dakika 8 za kupasha injini joto hazimo, hata kama umezilipia, na dakika 3 za mwisho kabla ya kuzima hazimo pia.

Mtu atasema dakika hizo 11 ni nini. Ukizibeba katika safari 40 umejiongezea saa 7 na dakika 20 ambazo hazikuwahi kuwapo, na kiwango cha chini cha saa za leseni ya rubani binafsi katika kiambatisho kile ni 40 tu, au 35 ukisoma katika kozi iliyoidhinishwa. Mkaguzi hahitaji kuwa mchawi kuona kwamba muda wako umezidi ule wa daftari la ufundi kwa kiasi ambacho kusubiri foleni hakuwezi kukieleza. Kama shule yako ina utaratibu wake ulioandikwa na kuidhinishwa wa kubadili saa za mita kuwa saa za logibuku, ufuate huo mwanzo hadi mwisho. Usitumie mita siku inayokupendelea na saa ya mkononi siku nyingine.

Na ukiandika kwa desimali, kumbuka kwamba 1.2 ni saa moja na dakika 12, si dakika 20. Kosa hili ni dogo lakini huzaliana, maana jumla ya ukurasa mmoja inabebwa hadi ukurasa unaofuata, na baada ya kurasa kumi hakuna anayejua lilianzia wapi.

Kuna suala la mawingu. Anayeishi Arusha anajua Juni na Julai zilivyo: Mlima Meru hauonekani hadi mchana, na wingu zito limelala juu ya mji kama blanketi. Mwanafunzi anatoka maegesho, anakaa karibu na njia ya kurukia robo saa akitumaini pengo litafunguka upande wa Monduli, kisha mkufunzi anasema turudi. Mita imetembea, fedha imeliwa. Je, unaandika? Mimi nasema hapana. Wapo watakaokuambia kwamba ndege ilisogea kwa nia ya kuruka, kwa hiyo masharti yametimia. Ni ubishi wa kiwakili. Safari haikuwapo, na mnarani hakuna muda wa kuruka wala wa kutua. Mstari usio na pacha unautia shaka hata ule wa juu yake.

Jambo la pili ni saa ya ukutani. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtihani ambao mwanafunzi wa London hana. Mdomo unasema saa mbili asubuhi, simu inaonyesha 08:00, na rubani mwenzako redioni anasema sifuri tano sifuri sifuri. Zote tatu ni kitu kimoja, kwa sababu Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya saa za ulimwengu, ambazo marubani huziita Zulu. Nimeona logibuku ambamo mtu aliondoka kwa saa za simu na kufika kwa saa za Zulu, akawa ametua kabla hajaruka.

Dawa yake ni rahisi na ni ya kwetu. Chukua saa unayoisema kwa Kiswahili, jumlisha tatu, umepata Zulu ya asubuhi na mchana. Saa mbili asubuhi ni 05:00, saa nne ni 07:00, saa nane mchana ni 11:00, saa kumi jioni ni 13:00. Ukishazoea huhitaji tena kupita kwenye saa za simu. Kisha amua mara moja kwamba logibuku nzima ni Zulu, andika hivyo kwenye ukurasa wa mbele, na usirudi nyuma. Shule inayotaka saa za hapa nchini ina haki yake, ila pia iandikwe mbele, ili mgeni asikisie.

Tukija kwenye safu, hapa ndipo penye vishawishi. Logibuku nyingi zina safu ya muda wa mafunzo na mkufunzi, ya kuruka peke yako, ya rubani kiongozi, ya rubani msaidizi, ya usiku, ya kuruka kwa vyombo, na ya kifaa cha kuigiza urukaji. Mwanafunzi asiye na leseni anahusika hasa na mbili za mwanzo. Ukiwa na mkufunzi mwenye kibali ndani ya ndege, ni muda wa mafunzo, hata kama hakugusa usukani tangu mwanzo hadi mwisho na ulitua vizuri kuliko yeye. Ukiwa peke yako, ni solo, na peke yako maana yake hakuna mtu mwingine ndani. Si mkufunzi aliyekaa kimya nyuma, wala si binamu aliyekuja kupiga picha. Mwanafunzi haruhusiwi kubeba abiria, kwa hiyo anayeandika solo akiwa na binamu ndani ameweka ushahidi wa kosa lake kwa mkono wake mwenyewe.

Solo pia inahitaji ruhusa. Mwanafunzi huruka peke yake chini ya usimamizi au kwa idhini ya mkufunzi, na akiwa na cheti cha afya ambacho hakijaisha. Angalia tarehe ya cheti hicho kila mwezi. Saa za solo ulizoruka wiki moja baada ya cheti kuisha ni saa ulizolipia kwa ajili ya kujitia matatani. Andika tarehe hiyo kwa herufi kubwa ndani ya jalada.

Kifaa cha kuigiza urukaji kina safu yake na kisihamie kwingine. Kiambatisho cha 1 kinaruhusu hadi saa 5 za kifaa zihesabiwe katika zile 40 za rubani binafsi, kwa masharti ya mamlaka. Lakini hazigeuki kuwa muda wa kuruka.

Sasa nizungumze na vijana wanaozurura Kisongo wakitafuta kiti. Arusha ni mji wa Cessna Caravan. Kila asubuhi zinakwenda Seronera, Kogatende, Ndutu na Ziwa Manyara, na marubani wake wengi ni watu wema ambao hawatamnyima kijana nafasi ya kukaa kiti cha kulia ndege inaporudi bila abiria. Kaa, jifunze, sikiliza redio. Hata ukipewa usukani dakika 20 juu ya Ngorongoro, shukuru. Ila kwenye logibuku usiandike kitu. Ulikuwa mgeni.

Hali ni ngumu zaidi kwa aliyekwisha kupata leseni ya biashara, anapoajiriwa kama rubani wa pili wa Caravan. Ndege hiyo imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Mara nyingi wa pili huwekwa kwa sababu wakala wa utalii au bima anataka, au kampuni inataka kumlea. Je, saa zile ni zake? Kanuni ya kimataifa inasema hivi: pale nchi yenyewe inapotaka ndege ya rubani mmoja iendeshwe na msaidizi, saa za msaidizi zinaweza kuhesabiwa kwa si zaidi ya asilimia 50 kuelekea leseni ya daraja la juu. Matakwa ya wakala wa utalii si matakwa ya nchi. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba, mwombe mwajiri aseme kwa maandishi utaziandika safu gani na kwa kanuni ipi, kisha ipeleke karatasi hiyo TCAA uulize. Wapo waliokaa kiti cha kulia mwaka mzima, wakajumlisha saa 600, wakagundua siku ya kuomba kazi kubwa kwamba zinazotambulika ni nusu, au hakuna. Leseni ya juu ya rubani wa mashirika inataka saa 1,500. Ni heri kujua mapema umebakiza ngapi.

Safari ndefu za uwanja hadi uwanja nazo zina mtego wa hapa kwetu. Kwa leseni ya rubani binafsi unatakiwa uwe na saa 10 za solo, na ndani yake saa 5 za safari ndefu, pamoja na safari moja isiyopungua kilomita 270, yaani maili za anga 150, ukitua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Mwanafunzi wa Arusha huangalia ramani na kuona pembetatu iliyo jirani: Kisongo hadi Ziwa Manyara, Manyara hadi Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, kisha kurudi Kisongo. Ipime. Kwa mstari ulionyooka inakaribia maili 150 kwa namna ya kutisha. Inavuka kwa chini ya maili moja. Mkaguzi akipima kwa rula yake akapata 149, safari yako ya fahari imekuwa mazoezi tu. Na kona ulizokata kuzunguka wingu hazikuongezei kitu, maana kinachopimwa ni uwanja hadi uwanja. Chagua njia inayozidi kwa maili 20 au 30. Viwanja vya Tanga na Dodoma, kila kimoja kiko zaidi ya maili 170 kutoka Arusha kwa upande mmoja, kwa hiyo ukienda huko umbali hautakuwa na mjadala.

Kwenye mstari wa safari hiyo andika viwanja vyote kwa mpangilio, kwa alama zake za kimataifa: HTAR ni Kisongo, HTKJ ni Kilimanjaro, HTLM ni Manyara. Andika “ilisimama kabisa” kwenye safu ya maelezo. Kugusa na kuruka tena hakutoshi kwa sharti hili. Omba mtu wa uwanja ulikotua akupigie mhuri au asaini, na uhifadhi risiti ya ada ya kutua. Kama ulizima injini na kunywa chai kabla ya kurudi, hizo ni safari mbili na mistari miwili, ila maelezo yaonyeshe kwamba ni sehemu ya mzunguko mmoja.

Usiku nitaupitia haraka. Kwa hesabu ya leseni usiku hauanzi jua linapozama. Unaanza mwanga wa machweo unapokwisha, na hapa karibu na ikweta hiyo ni kama dakika 20 na ushee baada ya jua kuzama. Kutua kwenye wekundu wa machweo ni kutua kwa mchana.

Wengi wenu hamtamalizia hapa. Mtakwenda Nairobi, Wilson, iliko Klabu ya Urubani ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1927, au Afrika Kusini, au Marekani. Wanaokwenda Marekani wasikilize kwa makini. Kule, ukishakuwa na leseni ya rubani binafsi, kanuni zao zinakuruhusu kuandika muda wa rubani kiongozi wakati wowote wewe peke yako ndiye unayeshika usukani wa ndege uliyoidhinishwa kuirusha, hata mkufunzi akiwa kando anakufundisha. Saa moja inaingia safu mbili: mafunzo na rubani kiongozi. Kwao ni halali kabisa. Nyumbani, ndege ina kiongozi mmoja, na mkufunzi akiwa anafundisha, wewe ni mwanafunzi.

Leseni ya biashara kwa kipimo cha kimataifa inataka saa 200, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa, na kati ya hizo 100 za rubani kiongozi, au 70 kwa kozi. Kijana anarudi kutoka Florida na 120 za kiongozi kwenye karatasi, zinachujwa, zinabaki chini ya 70. Kinga yake ni kuchora safu ya ziada tangu siku ya kwanza, kwa saa ulizokuwa kiongozi bila mkufunzi ndani. Na kwa kuwa Wamarekani wengi huandika jumla ya muda tu, wewe andika pia muda wa kuondoka na wa kufika, kwa Zulu, pamoja na namba ya usajili wa ndege. Kabla ya kupanda ndege ya kurudi, omba shule barua yenye mhuri inayothibitisha jumla ya kila safu. Kuipata ukiwa Arusha, miaka miwili baadaye, shule ikiwa imebadilisha mwenyewe, ni kazi.

Kuhusu saa za kalamu, yaani zile zilizorushwa mezani, sina mengi. Mwaka 2020, baada ya ndege ya shirika la PIA kuanguka Karachi mwezi Mei, waziri wa anga wa Pakistan aliliambia bunge kwamba marubani 262 kati ya 860 walikuwa na leseni zenye mashaka, wengi kwa tuhuma za kufanyiwa mitihani na watu wengine. Mwezi Julai Ulaya ikalifungia shirika hilo. Marubani waaminifu wa nchi ile walitazamwa kwa jicho baya ugenini kwa makosa ya wenzao. Njia ya mwongo ni fupi, na katika urubani huwa fupi zaidi, kwa sababu anayetiliwa shaka mstari mmoja huombwa athibitishe yote.

Kitabu chenyewe kitunze. Wino usiofutika, kalamu ya aina moja. Ukikosea, kata mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, andika sahihi pembeni, tia saini na tarehe. Usipake rangi nyeupe ya kufutia, maana mkaguzi hawezi kujua kilichofichwa chini yake na atadhani kibaya zaidi. Jaza siku hiyohiyo, kabla ya kutoka uwanjani, wakati daftari la ufundi bado liko mezani, na ulinganishe. Mkufunzi asaini kila somo siku hiyo. Wakufunzi huhama, wengine huenda nchi za Ghuba na simu zao hazipatikani tena. Jumla za ukurasa ziandike kwanza kwa penseli, uzihakikishe, ndipo utie wino. Kila ukurasa ukijaa, upige picha na uitume kwa barua pepe yako mwenyewe na ya mzazi. Mkoba huibwa stendi kuu kama kawaida, na mwizi hana matumizi na saa zako za kuruka.

Wanaopenda programu za simu wazitumie kwa kujumlisha. Kitabu cha karatasi chenye saini kiwepo hadi mamlaka yako ikuambie kwa maandishi kwamba hakihitajiki.

Na kama tayari unacho kitabu chenye mistari inayokutia wasiwasi, usingoje siku ya kuomba leseni. Kipeleke wiki hii kwa mkufunzi mkuu wa shule yako, mkae na daftari la ufundi la ndege kando, mstari kwa mstari, mkate isiyo na ushahidi na kutia saini. Utapoteza saa mbili tatu ambazo unaweza kuziruka tena mwezi ujao.